Nilimpiga, Nilimpigia: Kasoro ya Mpelelezi Iingie Kwenye Jalada

Chukua onyesho la tamthilia ya upelelezi: mpelelezi wa kike yuko peke yake gizani, saa nane za usiku, chupa mkononi, na machozi yanamtoka polepole. Onyesho hilo likihamishiwa kota za polisi hapa Kisumu, halisimami. Ukuta wa kota unapitisha hata kikohozi, jirani ana mtoto mchanga asiyelala, na kufikia chai ya asubuhi OCS, mkuu wa kituo, atakuwa ameshaambiwa na watu watatu. Ni kasoro ya kuazima, imevuka bahari na hata haijabadilishwa nguo.

Kasoro ya mpelelezi ina kazi moja kwenye tamthilia, nayo ni kuhatarisha kesi. Iwe kitu ambacho wakili wa utetezi anaweza kukishika kwa vidole viwili, akakiinua mbele ya jaji na kuuliza, "Hii ni nini?" Talaka haishikiki namna hiyo, wala huzuni. Saa iliyoandikwa vibaya kwenye OB, daftari la matukio la kituo, inashikika. Bahasha ya kielelezo isiyo na sahihi inashikika.

Mare of Easttown, ya mwaka 2021, inalionyesha jambo hili vizuri. Mare, anayeigizwa na Kate Winslet, ni mpelelezi wa mji mdogo wa Pennsylvania aliyempoteza mwanawe na sasa anahofia kunyang'anywa mjukuu na mama wa mtoto huyo, msichana aliyewahi kutumia heroini. Mare anachukua heroini iliyohifadhiwa kama ushahidi na kuitia kwenye gari la msichana huyo. Mkubwa wake anagundua, anamvua beji na kumsimamisha kazi katikati ya kesi. Mapenzi ya bibi kwa mjukuu yamegeuka upungufu kwenye stoo ya vielelezo. Hapo hata mtazamaji anayempenda anajua kwamba amekosa, na anajua kosa lenyewe liko wapi.

Happy Valley ya BBC, iliyoanza mwaka 2014, ina somo lingine. Catherine Cawood, sajini mwenye sare huko West Yorkshire, anaingia mara ya kwanza akiwa amebeba kizima-moto, kwa sababu kuna kijana amejimwagia petroli na anatishia kujiwasha. Pale pale anamwambia kijana yule maisha yake: ndoa imevunjika, binti amekufa, anaishi na dadake aliyekuwa mtumiaji wa heroini, analea mjukuu. Mtazamaji ameambiwa kila kitu kwa chini ya dakika moja. Lakini angalia Catherine anafanya nini: anamzungumzisha mtu ili asiwashe moto. Historia yake anaitumia kazini. Mwandishi anayemweka mhusika mbele ya kioo aanze kujikumbuka amekosa nafasi hiyo.

Tumjenge wa kwetu. Ni sajini, miaka 41, mjane mwenye watoto wawili, amehamishwa kutoka Nakuru na kuletwa Kisumu. Kituo chake kipe jina la kubuni. Usitumie jina la kituo kilichopo, maana kuna OCS halisi pale na hadithi yako ina mtu anayekula hongo. Usihofu kwamba cheo chake ni kidogo. Kesi ya mauaji hapa nchini hupelelezwa na watu wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na mara nyingi afisa mpelelezi anayepanda kizimbani kutoa ushahidi ni koplo au sajini, hata konstebo. Makamishna wanaokimbia na bastola waachie wengine.

Sasa kasoro. Sajini huyu anaandika taarifa za mashahidi kwa kumbukumbu. Sababu yake si uvivu. Ana kipaji cha kusikiliza, na amejifunza kwamba mama wa sokoni akiona kalamu, mdomo unafunga. Kwa hiyo anaweka kalamu chini, anamenya njugu, anauliza habari za watoto, na watu wanamwambia mambo ambayo wasingemwambia padri. Halafu usiku wa manane, zamu ikiwa imetulia, anaketi na kuandika stetimenti tatu kwa mpigo. Kipaji na kasoro viwe kitu kimoja namna hii. Ukivitenganisha, utakuwa na mhusika mzuri aliyebandikwa dosari kama stika ya bima.

Kesi yenyewe inaweza kugeuka kwa herufi moja. Mwanamke mchuuzi wa samaki pale Dunga anamwambia, "Nilimpigia saa tatu usiku, halafu nikalala." Alimpigia simu marehemu, hakushika. Saa kumi za usiku Sajini anaandika: "Nilimpiga saa tatu usiku, halafu nikalala." Imekosekana i moja tu. Asubuhi mchuuzi anakuja mbio, boti zimeshafika ufukweni na samaki hawangoji, anatia kidole gumba bila kusomewa. Kwenye jalada sasa kuna mtu aliyekiri kumpiga marehemu usiku aliokufa, na mtu huyo siye aliyemuua. Miezi inapita. Muuaji halisi anashtakiwa, na wakili wake hahitaji kuthibitisha lolote. Anaifungua ile karatasi tu na kuuliza kwa nini mtu aliyekiri hakushtakiwa. Shaka imeshaingia. Dholuo, lugha ya Waluo, haimwokoi Sajini pia, kwa kuwa goyo ni kupiga mtu na goyo simo ni kupiga simu. Kitenzi ni kile kile.

Ili mtazamaji aelewe kosa, mwandishi lazima ajue taarifa inavyotakiwa kuchukuliwa. Shahidi anazungumza lugha anayoiweza. Afisa anaandika papo hapo, na kama anatafsiri, inaandikwa ni nani aliyetafsiri na kutoka lugha gani. Anamsomea shahidi yote. Shahidi akikataa neno, neno linakatwa kwa mstari mmoja unaoliacha lisomeke, na wote wawili wanatia sahihi pembeni. Hakuna kupaka rangi nyeupe juu ya kosa. Kila ukurasa una sahihi au kidole gumba. Onyesha utaratibu huu kamili mara moja, katika sehemu ya kwanza, kwa shahidi asiye na umuhimu wowote, na afanye konstebo kijana ambaye Sajini anamcheka kwa kuchelewa. Deni hilo litalipwa sehemu ya tano.

Mahakamani inaweza kusikika hivi:

WAKILI: Sajini, shahidi huyu alizungumza nawe kwa lugha gani?

SAJINI: Alichanganya. Kiswahili na Dholuo.

WAKILI: Na wewe ukaandika saa ngapi?

SAJINI: Usiku huo.

WAKILI: Saa ngapi, Sajini?

SAJINI: Saa kumi.

WAKILI: Shahidi alikuwepo?

SAJINI: Alikuwa ameshaenda kwake.

WAKILI: Kwa hivyo saa kumi za usiku ulikuwa unaandika maneno ya mtu aliyelala.

(Jaji anaandika.)

Maneno hayo mawili ya mwisho yanatosha. Usiongeze muziki. Jaji anayeandika kwa mkono huisimamisha mahakama nzima. Wakili ananyamaza, karani ananyamaza, na Sajini anaangalia kalamu. Na tafadhali, hakuna baraza la raia kumi na wawili. Kenya haina. Hata wazee wa mahakama waliokuwa wakikaa na jaji waliondolewa mwaka 2007. Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, jaji peke yake, chini ya vifungu vya 203 na 204 vya Kanuni ya Adhabu. Lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza, lakini kwenye tamthilia acha watu wazungumze Kiswahili, ila usimfute karani anayetafsiri. Yule ni zawadi. Swali likipita kwa mkalimani, shahidi mwongo anapata sekunde nne za kufikiri, na mtazamaji anamwona akizitumia.

Jambo lingine linalosahaulika kila mara: mshtakiwa wa mauaji hasomewi mashtaka siku anayokamatwa. Hupelekwa kwanza kupimwa akili, na asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Hizo ni siku au wiki nzima ambazo familia mbili zinakutana kwenye korido ya mahakama bila kesi kuanza. Humo mna maonyesho mazuri kuliko kufukuzana kwa magari.

Saa ya hadithi ipange kwa Kifungu cha 49 cha Katiba. Aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha. Lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kawaida wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, mwisho unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa kunaogopwa. Ijumaa saa tisa mchana, saa 24 zinaishia Jumamosi, na Jumamosi si siku ya mahakama, basi ni Jumatatu. Hesabu vizuri zaidi utaona kwamba hata Alhamisi saa kumi na mbili jioni inakufikisha Jumatatu, kwa sababu saa 24 zinaisha Ijumaa jioni milango ikiwa imefungwa. Sajini mjanja anajua hivyo. Akimkamata mtu Alhamisi jioni kwa makusudi, hajavunja sheria yoyote, na bado amefanya kitu kichafu. Hiyo ni kasoro ya daraja la juu, na mtazamaji wa Kondele hahitaji kufafanuliwa.

Zikihitajika siku zaidi, polisi wanaomba kortini kwa kiapo. Hakimu atauliza: mnafanya nini ambacho hakiwezi kufanyika akiwa nje kwa dhamana? Mwandishi awe na jibu kabla ya Sajini kusimama. Na kukiri kosa mbele ya Sajini mwenyewe, usiku, chini ya balbu moja, hakuna thamani. Sheria ya Ushahidi inataka ungamo litolewe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa cheo cha juu ambaye siye anayepeleleza kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Tamthilia nyingi huishia pale mshukiwa anapolia na kusema "ni mimi." Hapa kwetu, hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Maiti ikitoka ziwani, kuna mambo yake. Maji ya Winam, ghuba ya Ziwa Victoria, ni ya uvuguvugu, kwa hiyo mwili uliozama huibuka baada ya siku mbili tatu hivi, gesi ikishajaa tumboni. Ukimtupa mtu Jumapili usiku, asionekane Jumatatu asubuhi akielea kifudifudi kama gogo. Mwache hadi Jumatano. Na mahali alipoibukia si lazima pawe mahali alipoingilia. Gugumaji hutembea na upepo, mchana upepo ukivuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku ukigeuka, na kitu kilichonaswa chini ya zulia lile husafiri nalo. Mpelelezi aliyetoka Nakuru atazingira ufuo wa Dunga kwa utepe na kutafuta nyayo. Mvuvi mzee atamtazama, atamwita nyathina, yaani mwanangu, na kumuuliza upepo wa juzi ulikuwa unatoka wapi. Hapo Sajini anaweka kalamu chini, na unaona kipaji chake kikifanya kazi.

Mwili ukipatikana nchi kavu, hesabu nyingine. Kukakamaa huanzia taya na shingo baada ya saa mbili hadi nne, huenea mwili mzima kwa saa nane hadi kumi na mbili, kisha hulegea taratibu kuanzia siku ya pili. Joto huharakisha yote, na mchana wa Kisumu hufika nyuzi 30. Damu huteremka upande uliolaliwa na baada ya saa nane hadi kumi na mbili rangi hiyo haihami tena. Maiti iliyolala chali lakini yenye wekundu kifuani ilihamishwa. Kitu kimoja kama hicho kinatosha sehemu nzima. Daktari wa tamthilia asitaje dakika ya kifo. Akitaja, amekuwa mganga.

Omena, dagaa wa ziwa hili, nao wana kalenda. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi mwezi ukiwa gizani. Ukiandika mbalamwezi kubwa ya kupendeza na mashahidi walio kwenye boti za omena chini yake, ufuo mzima utakucheka. Tena Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Ukitaka shahidi aliyeona kila kitu na hawezi kusema, hadithi iwe Mei: aliona kwa sababu alikuwa ziwani, na akisema alikuwa ziwani amejishtaki mwenyewe. Huhitaji kumtishia kwa bunduki.

Vielelezo hupotea kwa mambo madogo kuliko hongo. Shati lenye damu mbichi likifungwa kwenye mfuko wa plastiki, unyevu unabaki ndani, ukungu unaota na DNA inaharibika. Hutakiwa kukaushwa kivulini, si juani, kisha kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi, kufungwa, kuandikwa tarehe, saa na jina la aliyefunga. Kila mkono unaoipokea unasaini. Konstebo wa kwanza kufika akitumia mfuko wa sukari aliouokota dukani kwa nia njema kabisa, una sehemu ya tatu tayari. Rekodi za simu vilevile: zinaonyesha mlingoti uliohudumia simu na upande wake, hazionyeshi chumba. Mchuuzi wetu angeweza kuokolewa na rekodi ya simu aliyopiga saa tatu usiku, lakini ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na karatasi aliyoichapisha Sajini kwenye cyber haina cheti. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa la herufi, na marekebisho yake yamekosa muhuri.

Kuna anayependa kuongeza deni: Sajini alikopa shilingi 3,000 za karo kutoka kwa shangazi wa mshukiwa, kwa M-Pesa, miezi kabla ya kesi. Ni wazo zuri, kwa sababu lina tarehe na saa na haliwezi kukanushwa. Lakini chagua. Kasoro mbili zinazoingia kortini kwa pamoja zinageuza mwanamke kuwa orodha.

Ustahimilivu wake pia usiwe wa ngumi. Mwanamke anayepiga wanaume watatu uchochoroni Nyalenda anafurahisha kwa dakika mbili. Kesi za hapa huuawa kwa kuahirishwa. Shahidi anakuja mara ya kwanza, kesi inatajwa tu. Mara ya pili wakili yuko Eldoret. Mara ya tatu faili haionekani. Mara ya nne shahidi hana nauli, na hana hamu. Sajini ana daftari la nambari za mashahidi wote na jioni kabla ya kila tarehe anawapigia mmoja mmoja. Anajua nani amehamia Busia, nani amejifungua, nani atakuja akitumiwa nauli ya matatu. Anarudi mochari mara tatu kwa ripoti moja. Mpigie picha akingoja kwenye benchi, kisigino kikiwa kimetolewa kwenye kiatu. Watazamaji wanaume watasema hakuna kinachotokea. Wanawake waliowahi kufuatilia hati yoyote katika ofisi yoyote watajua kinachotokea.

Kuhusu kuishi kwake: kazini ni Madam au Afande, mtaani ni Min fulani, yaani mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na akienda kwa wakwe ni nyar, yaani binti wa, kule alikozaliwa, tuseme nyar Gem. Tumia majina hayo kuonyesha nani ana nguvu juu yake wakati gani. Mshukiwa anayeacha Afande na kumwita Min fulani ghafla amemtisha mtoto wake bila kumtaja kwa ubaya.

Yaliyobaki ni ya upigaji picha, nayo ni machache. Leseni ya bodi ya filamu kwanza, halafu barua kwa kituo cha polisi cha eneo, kwa sababu sare na bunduki bandia barabarani bila taarifa ni kujitafutia seli ya kweli. Maonyesho ya Dunga yapigwe asubuhi. Alasiri upepo wa ziwa unaingia kwenye maikrofoni, na msimu wa mvua ndefu radi hufuata. Tuko ikweta, jioni yetu haina subira: mwanga mzuri ni kama dakika ishirini, kwa hiyo onyesho la kurasa tatu za machweo ligawanywe kwa siku mbili na nguo zilezile. Damu ya kuigiza, kikombe kimoja cha sharubati nzito ya sukari, vijiko viwili vya rangi nyekundu ya chakula na nusu kijiko cha kakao. Bila kakao inaonekana juisi. Sisimizi watafika kabla ya mwigizaji, kwa hiyo imwagwe dakika ya mwisho, na anayelala maiti aambiwe mapema.

Onyesho la mwisho la msimu lisiwe hukumu. Sajini yuko ufukweni na mchuuzi yule yule, boti zimefika, samaki wanangoja. Anamsomea taarifa mpya, polepole, sentensi kwa sentensi. Mchuuzi anamkatiza: "Si hivyo, nyar Gem. Sikusema nililala. Nilisema nililala macho." Sajini anachora mstari mmoja. Anamgeuzia karatasi, anampa kalamu, na anangoja.